Fisi wa Choo cha Machinjioni

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa ya kunusa. Hakuna aliyeiita hivyo. Kwenye karatasi za Boma niliandikwa msaidizi wa bwana afya, nikapewa kaptula mbili za kaki, filimbi, daftari gumu lenye mistari na debe la chokaa. Lakini tangu asubuhi hadi jioni nilizunguka mji wa Arusha nikiingiza pua mahali ambapo mtu mwenye akili zake angeigeuza: vichochoro vya nyuma ya maduka, mitaro, mabucha, majaa, vyoo vya shimo.

Na mimi sikuumbwa kwa kazi hiyo. Nilizaliwa kwenye kihamba cha baba, juu kwenye miteremko ya Meru, katikati ya migomba na kahawa, ambako harufu mbaya kuliko zote ilikuwa ya maganda ya kahawa yaliyooza. Nilipokuwa mdogo nilikuwa siwezi kunywa kwenye kibuyu alichotangulia kukinywea mwingine. Mama alinicheka, akasema tumbo langu limekosea nyumba. Misheni ilinifundisha kusoma, kuandika na kuimba sauti ya tatu, na kwa kuwa niliweza kusoma na kuandika, Serikali ya Mwingereza ikaona nafaa kuhesabu mainzi.

Siku zile mji ulikuwa mdogo na pori lilikuwa limeukaribia mno. Wakati wa kiangazi tembo walishuka mlimani wakavunja migomba ya watu. Nyati walikutwa asubuhi wamesimama kwenye mibuni kama waajiriwa. Nyani walikuja hadi sokoni, wakubwa kama watoto wa shule, wakawapora wanawake vikapu. Kwa hiyo siku za soko nilisimama juu ya sanduku, nikapiga filimbi, nikasoma tangazo la Boma. Lilisema ukikutana na mnyama wa mwitu mjini usikimbie, usimpigie kelele, usimtupie kitu. Umwachie njia, urudi nyuma polepole ukimtazama, kisha upeleke habari kwa Bwana Nyama, yule Mzungu aliyesimamia wanyama wa porini, maana wanyama wote ni wa Serikali na hakuna ruhusa ya kuwadhuru bila kibali.

"Na chui naye amesomewa?" aliuliza mzee mmoja muuza ugoro, na soko zima likacheka.

Watu walikuwa na mafunzo yao wenyewe. Nyati ukimwona tafuta mti kwanza. Nyani usimwonyeshe ndizi, wala usimwonyeshe meno hata kama unacheka. Nyoka akiingia ndani, toka wewe umwachie nyumba mpaka atakapochoka. Kuhusu fisi hakuna aliyeuliza. Fisi alikuwa kitu cha kutemea mate. Kila mtu alijua kwamba yeye ndiye anayekimbia akimwona mtu.

Machinjio yalikuwa nje kidogo ya mji, bondeni karibu na mto. Palikuwa na sakafu ya saruji isiyo na kuta, paa la mabati, milingoti ya kutundikia ng'ombe, na mfereji wa kupitishia damu. Hatua kama arobaini nyuma yake lilichimbwa shimo la kutupia mabaki: samadi ya matumboni, kwato, mapafu yenye majipu, ndama waliokutwa ndani ya mama zao. Amri ilikuwa kwamba kila siku kazi ikiisha shimo linyunyiziwe chokaa na kufukiwa kwa udongo. Halikufukiwa. Lilikaa wazi juma zima likichemka funza, kiasi kwamba ukisimama kimya uliwasikia, sauti kama mvua ndogo juu ya majani makavu. Madege marefu yenye vipara, yale yenye mfuko wa nyama unaoning'inia shingoni, yalisimama kando yake kutwa nzima yakijinyea miguuni.

Msimamizi wa machinjio alikuwa mtu mnene, mcheshi, anayevaa kanzu nyeupe ambayo sijui aliifuaje. Kila Jumamosi alinifungia ini kwenye jani la mgomba. "Mpelekee shemeji," aliniambia, "mama anayenyonyesha anahitaji damu." Nami nilifungua daftari nikaandika kwamba shimo limefukiwa. Mke wangu alilikaanga ini kwa vitunguu tukalila, na nikisema kweli lilikuwa tamu.

Choo cha wafanyakazi nacho nilikifanyia hivyo hivyo. Kilikuwa shimo refu lililofunikwa kwa magogo na udongo, likazungushiwa uzio wa majani. Magogo yalikuwa yameoza. Ukiyakanyaga ulisikia mguu unazama kidogo, kama umekanyaga mkate. Niliandika kwamba magogo mapya yamewekwa, kwa sababu msimamizi aliniahidi yatawekwa kesho yake. Ilikuwa imepita miezi miwili.

Fisi walianza kuja kwa sababu ya lile shimo. Kwanza tuliona nyayo tu na kinyesi chao, cheupe kama chokaa yangu. Baadaye wachinjaji wakifika alfajiri waliwakuta wakiondoka, matumbo yamewajaa wanatembea kama wajawazito. Hatimaye ikawa hata jua likiwa limetoka utamwona mmoja amelala kando ya shimo, mdomo wazi, mainzi yanaingia na kutoka. Wafanyakazi walimzoea. Mimi niliona yote hayo, nikaziba pua kwa kitambaa, nikaandika kwamba hali ni nzuri.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia nilifika machinjioni kama saa mbili. Mtu wa kwanza kunilaki alikuwa mwanamke wa Kiarusha aliyekuwa akifanya kazi ya kuosha matumbo. Alikuwa amempita mama yangu kwa umri, kichwa amekinyoa, ndewe za masikio zimening'inia hadi karibu na mabega, mikono imepauka kwa maji. Sote tulimwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yao.

"Shikamoo, Yeyo."

"Marahaba. Bwana afya, una mgeni chooni."

"Mgeni gani?"

"Nenda ukamwone. Usisogee sana, magogo yako ni mabovu."

Kumbe alfajiri mbwa wa wachinjaji walimkuta fisi shimoni, wakamtimua. Akakimbia kichwa chini, akapasua uzio wa choo, na magogo yale niliyoyaandika kuwa mapya yakavunjika chini yake.

Niliona kwanza tundu, pana kama mlango. Kisha harufu ikanijia, na sisemi harufu ya kawaida ya choo ambayo nilikwisha kuizoea. Hii ilikuwa imekorogwa. Kila alivyojitahidi kupanda alichimbua yale ya chini yaliyokaa miaka. Niliinama. Alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, uchafu umemfika kifuani, miguu ya mbele ameikita kwenye ukuta wa udongo unaomeguka. Funza walikuwa wakimtembea masikioni. Alinitazama. Macho yake yalikuwa ya kahawia, makavu, safi. Kitu pekee kisafi mle ndani. Kisha akafungua mdomo akatoa sauti ambayo sikuitegemea, ya chini, ya kulalamika, kama mtoto aliyechoka kulia.

Nilitapika palepale, juu ya viatu vyangu, mbele ya wachinjaji wote. Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Nilipojifuta nikajaribu kufuata sheria. Nilimtuma mchinjaji mmoja mwenye baiskeli aende Boma kwa Bwana Nyama. Alirudi baada ya saa nzima, jasho linamtoka.

"Bwana Nyama yuko safarini upande wa Ngurdoto," alisema. "Karani wake anasema atarudi kesho kutwa. Mpaka hapo mnyama asiguswe."

"Kesho kutwa!"

"Ndivyo alivyosema. Akaniambia pia nisikae karibu na meza yake, nanuka."

Wakati huo habari ilikuwa imefika sokoni. Watu walikuja kwa makundi, wanaume, wanawake wenye watoto mgongoni, wauza mkaa, vibarua wa mashamba ya kahawa. Walizunguka tundu kama watu wanaozunguka ngoma. Mimi nilisimama na filimbi yangu. Niliipuliza mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyegeuka.

Lilianza jiwe moja, dogo, la kumjaribu. Alipolia, watu wakacheka, na yakafuata mengi. Kisha mtu akaleta majivu ya moto kwenye karai. Kisha msimamizi mwenyewe, na kanzu yake nyeupe ameikunja hadi magotini, akaja na ndoo ya maji yanayochemka yaliyokuwa ya kuchemshia vichwa vya ng'ombe. "Mgeni anaogeshwa," alisema. Akammwagia polepole kama mtu anayemwagilia mchicha. Mvuke ulipanda na harufu mpya ndani yake, ya manyoya yaliyoungua na mavi yaliyopikwa, na watu walio mbele waliziba pua lakini hawakuondoka. Hilo ndilo lililonichukiza zaidi: waliziba pua na wakabaki. Mwanamke mmoja alimnyanyua mtoto wake juu aone vizuri. Mwanamume mmoja alikuwa akitengeneza kitanzi cha kamba, akieleza kwa sauti kwamba anataka mkia, mkia wa fisi ni dawa, na kwamba dawa huwa na nguvu zaidi ukikatwa mnyama akiwa hai.

"Bwana afya!" msimamizi aliniita. "Lete hiyo chokaa yako. Mbona unaibania?"

Ilikuwa chokaa kali, ile ambayo bado haijazimwa kwa maji. Tulifundishwa kuishika kwa matambara, kwa maana ikigusa ngozi yenye unyevu inachoma kama kaa la moto. Nilijua hivyo. Debe lilikuwa mkononi mwangu. Wote walikuwa wamegeuka kunitazama, yule kijana wa misheni aliyetapika, na nilitaka waache kunitazama hivyo.

Nikampa debe.

Sitaeleza sana yaliyofuata. Ile sauti ya mtoto aliyechoka ikaisha, ikaja nyingine. Niliziba masikio. Nilipoinua macho nilimwona Yeyo anakuja kutoka upande wa mto, mikono inadondosha maji, kisu cha kupasulia matumbo kimechomekwa kiunoni. Watu walimpisha kwa sababu ya harufu yake.

Alichungulia tundu. Akasonya. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti, "Akifia humo, nani atamtoa?"

Aliwatazama mmoja mmoja.

"Nauliza. Ataoza humo. Ataumuka. Wewe wa kanzu, utaingia kumtoa? Wewe wa mkia? Bwana afya, utaingia wewe?"

"Tutamfukia, Yeyo," alisema msimamizi.

"Na sisi tutakwenda haja wapi, nyumbani kwako?"

Wachache walicheka, lakini kicheko kilikuwa kimeshabadilika. Yeyo akanigeukia mimi. "Njoo ushike huku." Alikuwa ameshika ncha ya mlingoti mmoja wa kutundikia ng'ombe uliokuwa umelazwa chini, mti mrefu uliogandamana na damu ya zamani na mafuta. Niliushika. Uliteleza mikononi kama samaki. Tuliuburuta hadi tundu, tukauinamisha ndani, na mimi nilikuwa upande wa mbele kwa hiyo ilinibidi kuona. Uso wa yule mnyama ulikuwa mweupe. Jicho moja lilikuwa limefumba na halikufumbuka tena.

"Mwachieni njia upande wa mto!" Yeyo aliwaambia watu. "Ondokeni hapo!"

Hawakuondoka. Nadhani hawakuamini kama angeweza kutoka. Lakini alipousikia mti ubavuni mwake aliukumbatia mara moja, akateleza, akaukumbatia tena, na kucha zake zikapata mahali pa kushika kwenye damu iliyokauka. Akapanda. Kichwa kikatoka, kisha yale mabega makubwa, kisha akawa juu, katikati yetu, mrefu kuliko nilivyofikiri, ametota kuanzia shingo hadi mkia.

Akajikung'uta.

Kama umewahi kumwona mbwa akitoka mtoni unajua ninachosema, ila huyu hakutoka mtoni. Kinyesi kilitufikia sote. Kilinipata usoni, machoni, na kwa kuwa nilikuwa nimefungua mdomo nipumue, kilinipata mdomoni. Niliuhisi uzito wake juu ya ulimi, na funza mmoja aliyekuwa bado hai. Kanzu ya msimamizi ikawa ya madoadoa. Kisha mayowe, na watu waliokuwa wakirusha mawe wakakanyagana kukimbia. Yule wa kitanzi alijikwaa kwenye kamba yake mwenyewe, akapanda mgongo wa mama aliyembeba mtoto ili apite. Nilimwona akifanya hivyo, kwa miguu yote miwili.

Mimi sikukimbia. Wala si kwa ushujaa. Fisi alikuja upande wangu, akitanguliza lile jicho zima, anatembea pole kama mzee anayetafuta mlango. Alinipita karibu kiasi kwamba ubavu wake ulinigusa paja, moto, ukaniachia alama pana kwenye kaptula. Hatua chache mbele alisimama, akainama, akatapika. Yalitoka madonge ya nywele makubwa kama ngumi, vipande vya mifupa, na kwato mbili ndogo laini za ndama ambaye hakuwahi kuzaliwa. Nilizijua kwato zile. Nilikuwa nimeziona shimoni Jumamosi, nikageuka, nikapokea ini langu.

Alishuka mtoni, akajilaza kwenye maji ya kina kifupi, maji yakabadilika rangi chini yake. Alikaa muda. Kisha akavuka akapotea vichakani.

Yeyo aliniongoza juu zaidi ya pale fisi alipolala, kwenye maji safi. Alinipa majivu ya kusugulia na kipande cha sabuni alichokuwa amekificha kwenye pindo la nguo. Nilisugua ulimi kwa kidole mpaka ukatoa damu. Yeye alikaa juu ya jiwe akiosha mikono bila haraka.

"Hukumsaidia fisi kwa sababu ya choo tu," nilimwambia nilipoweza kusema. "Ulimhurumia."

"Sijui kama ni huruma. Mimi naye tuna neno."

Ndipo akanisimulia. Alikuwa msichana mdogo, kabla Wajerumani hawajajenga Boma, ugonjwa ulipowamaliza ng'ombe na njaa ikawafuata watu. Mama yake alifariki. Kwao wakati ule mtu wa kawaida hakuzikwa. Alipelekwa porini, akapakwa mafuta, akalazwa kwa ubavu na majani mabichi mkononi, na fisi akaja. Akija siku ileile ya kwanza, nyumba ilishukuru: marehemu alikuwa mtu mwema. Lakini mwaka ule mizoga ilikuwa mingi na fisi walikuwa wameshiba.

"Mama yangu alikaa siku tatu," alisema. "Kila asubuhi baba alinituma nikamwangalie kwa mbali. Siku ya pili watu walianza kunong'ona, alifanya nini huyu mwanamke hata olng'ojine, fisi mwenyewe, anamkataa? Baba alikuwa amebakiwa na kondoo mmoja. Akamchinja, akamzungushia mama mafuta yake. Siku ya nne nilipokwenda hapakuwa na kitu. Nilicheza, mwanangu. Nilirudi nyumbani nikicheza."

Kwetu sisi Walutheri mtu akifa tunamvika, tunamwimbia, tunamfunika udongo na kumpandia maua. Nikamwambia hivyo, kwa namna ya mtu anayefundisha. "Yeyo, jambo hilo linachukiza. Kwetu tunazika."

"Mkizika, funza hawali?"

Bado nilikuwa nahisi yule mmoja juu ya ulimi wangu.

"Mimi ninaosha mavi ya ng'ombe kila siku watu wale supu," alisema akiinuka. "Sijamwona fisi akimwagia mtu maji ya moto."

Alasiri alikuja Bwana Afya mwenyewe, Mzungu, kwa gari. Hakushuka mpaka alipojifunga leso puani. Alisimama mbali na tundu, msimamizi upande mmoja na mimi upande mwingine. Nilikuwa nimeoga mara tatu, lakini niliona anajisogeza upande wa msimamizi, ambaye alikuwa ameshabadilisha kanzu.

"Magogo mapya," alisema akipekua daftari langu. "Hapa imeandikwa magogo mapya. Sasa yamevunjika. Kwa nini?"

Msimamizi alijibu haraka, kwa unyenyekevu mwingi. "Bwana, ni yule mwanamke wa matumbo. Anaiba magogo ya choo kupeleka kuni nyumbani. Nimemkanya mara nyingi. Ameweka yaliyooza mahali pake. Hata msaidizi wako anajua."

Akanitazama na kunitabasamia kidogo, lile tabasamu la Jumamosi. Nyuma yake nilimwona Yeyo ameinama mferejini, anapindua tumbo la ng'ombe ndani nje, samadi ya kijani inammwagikia mikononi. Hakuinua kichwa. Alikuwa amesikia, machinjio yote yalisikia.

"Ni kweli?" Bwana Afya aliniuliza.

Ningependa kusema kwamba nilijibu mara moja. Nilimfikiria mke wangu, mtoto, chumba chetu, kaptula zangu. Mzungu alikuwa ameanza kufunga daftari.

"Si kweli," nikasema. "Magogo mapya hayajawahi kuwekwa. Niliandika uongo. Shimo la mabaki nalo halifukiwi, ndilo linaloleta fisi. Nimekuwa nikipewa ini nikaandika kwamba linafukiwa. Na hii chokaa iliyommwagikia mnyama, niliitoa mimi."

Msimamizi alicheka, kama nimesimulia jambo la kuchekesha. Bwana Afya hakucheka. Alinitazama kutoka juu hadi chini namna nilivyokuwa nikiyatazama mashimo.

Hukumu ilikuja kesho yake. Niliondolewa kwenye daftari na filimbi, nikaingizwa kwenye genge la kuchimba na kufukia, na kazi yangu ya kwanza ikawa kumaliza choo kile: kukifukia, kisha kuchimba kipya. Msimamizi alibaki mahali pake. Ndiye aliyepeleka nyama kwenye nyumba za Wazungu, nyama ya nundu na ya mgongo, na inaonekana hakuna aliyetaka kuanza kumzoea mtu mwingine. Alipewa onyo. Siku hiyohiyo niliona wanafukia shimo la mabaki kwa mara ya kwanza tangu nilipolijua, na yeye amesimama akiwaelekeza kwa fimbo, kana kwamba wazo ni lake.

Mke wangu aliniacha mlangoni jioni ile ya siku ya fisi mpaka nilipovua kila kitu. Alizitia nguo zangu motoni, akanimwagia maji ya majani ya mpera, akaninusa shingoni, akanimwagia tena. Nilimweleza yote, pamoja na maneno ya ini. Alimtazama mtoto aliyekuwa akinyonya.

"Kwa hiyo nami nimelila," alisema hatimaye. "Na huyu amelinyonya." Usiku huo alilala amenigeuzia mgongo, na ilichukua siku nyingi kabla hajaniambia neno lisilohusu maji au kuni. Mtaani watu waliniita Bwana Fisi. Watoto walijikung'uta nilipopita.

Tulichimba tukiwa watu watatu. Udongo wa pale ni mwekundu na mzito, na siku ya kwanza na ya pili ulinuka choo cha zamani hata mahali ambapo hapakuwahi kuwa na choo. Au labda kilichonuka kilikuwa ndani ya pua yangu. Sikuweza kula. Wenzangu walikula viazi vyao kando ya shimo, na mimi nilikunywa maji na kuyatema.

Siku ya tatu, jua la saa sita, Yeyo alikuja kutoka mferejini amebeba kibuyu na bakuli. Alikuwa hajaniambia chochote tangu siku ile, si ahsante, si pole. Alikaa kwenye ukingo wa shimo letu, akaning'iniza miguu ndani, karibu na kichwa changu, akamimina loshoro, uji mzito wa mahindi na maziwa ya mgando.

"Kula," alisema.

Nilitazama mikono yake. Chini ya kucha palikuwa na ile kijani ya samadi. Nilitazama bakuli.

"Siwezi, Yeyo. Nisamehe."

"Sikukukasirikia."

"Najua. Siwezi tu."

Alinitazama kidogo, akaangalia mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma, kama mtu anayekagua kitu cha dukani. Kisha akaliinua bakuli, akaanza kunywa yeye, taratibu, kwa sauti, akitikisa miguu, mpaka likaisha. Akalipangusa kwa kidole, akakilamba, akaniambia nichimbe upande wa kulia zaidi, maana mvua ikija ukuta ule utaanguka.

Nikachimba upande wa kulia.